Kumtafuta wa Kunifunda Yoga

Mimi ni mtu wa pupa, na heri niliseme mwenyewe kabla hujalisikia kwa mama yangu, maana yeye hulisema kwa kila anayekaa barazani kwake. Chungu kikiwa jikoni, mimi nafunua. Mtu akisimulia, mimi nammalizia. Hata kazi yangu ya kusinga wageni katika hoteli moja ndogo ya ufukweni hapa Bagamoyo niliingia kwa pupa. Aliyekuwepo aliolewa akahama, nikamwambia meneja kusinga najua, kisha jioni ile ile nikakimbilia kwa mama anifundishe mikono inavyotembea mgongoni. Nilijifunza vizuri, alhamdulillahi. Huu mwaka wa tisa, na sijaona mgeni aliyeinuka kitandani kwangu akinung'unika.

Yoga niliikuta hapo hapo hotelini. Wageni hutandika mikeka asubuhi kwenye nyasi, na mimi nikipita na mataulo nilikuwa nasimama kuwatazama. Siku moja mgeni mmoja, mama mtu mzima, akanivuta mkono nijaribu. Nikajaribu na dera langu hivyo hivyo, nikajikunja, nikajinyoosha, na nilipoinuka nikahisi kiuno kimepungua miaka kumi. Nikasema, loo, hiki kitu ni cha mama zangu wa Mlingotini.

Mama zangu wa Mlingotini ni wanawake wanaolima mwani. Mdogo wake mama, mama mdogo wangu, ni mmoja wao. Maji yakitoka wanaingia na vigingi na kamba, wanainama kutwa, maji magotini, wanafunga mwani kamba baada ya kamba. Wakirudi nyumbani hawanyooki, wanatembea bado wameinama. Nikaanza kuwafundisha kila Jumatano alasiri, kwenye banda wanapoanikia, yale niliyoyaona hotelini na mengine niliyoyaokota kwenye video za simu. Neno yoga hawakulitaka. Wao waliita kunyooka. "Leo tunanyooka?" ndiyo salamu yao kwangu, baada ya shikamoo na marahaba. Nilikuwa na raha kuliko nilivyowahi kuwa na raha, nasema kweli.

Ndipo pupa ikaniponza. Mama mdogo bega lake la kulia lilikuwa gumu, akaniomba nimfanyie peke yake uani kwake, wenzake hawapo. Nikafungua video. Mwanamke wa kwenye video alikuwa amefumbata mikono yote miwili nyuma ya mgongo na anatabasamu. Nikamwambia mama mdogo, "Vumilia kidogo tu, linakuja," nikavuta. Bega likalia. Mama mdogo hakupiga kelele, alisema "Hasbunallah" kwa sauti ndogo, akakaa chini. Hospitali wakamwambia mshipa umechanika kidogo, wakamfunga mkono shingoni. Wiki nyingi hakuweza hata kujitanda kanga kichwani, mjukuu wake ndiye aliyekuwa akimtanda.

Nilifika bandani Jumatano iliyofuata nikawaambia akina mama kwamba naacha kwa muda, nakwenda kusoma kwanza, siku hizi kinatakiwa cheti. Juu ya bega sikusema neno. Nilidhani wanalijua, maana Mlingotini habari haina mlango, nikaona ni wema wao tu kutonitia haya. Wakasema, "Haya mwanetu, tunakungoja." Nikaapa moyoni kwamba sitamgusa tena hata mmoja wao mpaka nipate wa kunifunda sawasawa. Na nikiri, niliogopa pia kwamba sitaweza kumgusa mtu tena hata nikifundwa.

Basi nikaanza kutafuta. Sikujua kwamba wanaofundisha walimu wa yoga ni wengi kama wauza maandazi. Meneja wangu, kijana mzuri ila naye ana pupa zake, alikuwa tayari hoteli inisaidie ada mradi nirudi kabla ya msimu wa wageni. Yeye alinipendekezea mafunzo ya kisiwani Unguja, siku ishirini na tano unalala huko huko. Picha zake, mashallah. Watu wamesimama kwa vichwa, bahari nyuma yao imepakwa rangi. Nikaona nimeshafika.

Chaguo la pili lilikuwa la simu. Unalipia, unatumiwa video, unajibu maswali, cheti kinakuja humo humo kwenye simu. Unamaliza kwa mwendo wako. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa halua mdomoni. Nilikaa barazani kwa mama nikijaza jina langu, kidole kimebaki kubonyeza tu, mama akaniuliza ninafanya nini.

Hapa lazima nikueleze mama ni mtu gani. Mama ni kungwi. Amewafunda wasichana wa Bagamoyo na wa mbali zaidi, na wengine sasa ni nyanya. Hapendi simu, na hapendi kitu kinachokwenda mbio. Nikamweleza kwamba nachagua mwalimu, huyu ana picha nzuri, huyu ana bei nzuri.

"Na waliopita mikononi mwao umewaona?" akauliza.

"Nani?"

"Waliofundwa. Wewe unamtazama kungwi usoni? Kungwi anaweza kuwa na midomo na manukato na ngoma nzuri, binti akitoka ndani hajui hata kumkaribisha mgeni." Akaniambia kwamba zamani walikuja kwake watu kutoka Vigwaza kumuombea binti yao. Ila kabla ya kufika kwake walipita kwanza Miono, kwa mwanamke ambaye mama alimfunda miaka ya nyuma. Wakashinda kwake kutwa nzima kama wageni tu. Wakaona anavyopika, anavyosema na mumewe, anavyomkanya mtoto. Waliporidhika ndipo wakaja kwa mama. "Hawakunitazama mimi hata kidogo," akasema kwa kujisifu. "Walishamaliza kunitazama Miono."

Nilinuna, maana kidole kilikuwa bado kinawasha. Lakini neno la mama likishaingia halitoki. Nikaahirisha kubonyeza.

Nikamtafuta mtu aliyepita kwenye yale ya simu. Nikampata kaka mmoja wa Dar, mcheshi, hakunificha kitu. "Dada, mimi nilizidisha kasi ya video," akasema. "Nikamaliza siku nane." Akacheka. Nami nikacheka, lakini baada ya kukata simu nikaona haya kwa niaba yake na kwa niaba yangu, kwa sababu ndivyo hasa ambavyo ningefanya mimi. Kisha nikampigia dada aliyesoma kisiwani. Huyo alikuwa mpole. Nikamuuliza, mwanamke wa miaka sitini, bega gumu, kutwa ameinama majini, unamfanyaje? Akafikiri, akasema, "Da, sijapata kumfundisha mtu wa umri huo. Wanaokuja kwetu ni wasichana, na ni wepesi." Nilimshukuru kwa ukweli wake. Kisiwa kikafutika na picha zake zote.

La tatu nililisikia kwa mgeni mmoja hotelini aliyekuwa anaishi Dar. Alisema kuna mama wa Kihindi Upanga, umri unakaribia sabini, anafundisha walimu kila Jumamosi kwa nusu mwaka, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa. Hana picha, hana video, ana namba ya simu na fomu ya kurasa mbili. Meneja aliposikia akacheka mpaka akakaa. "Mwalimu wa yoga asiye na picha hata moja! Dada, cheti ni cheti, nenda kisiwani." Nikamwambia cheti ni cheti, lakini bega haliponi kwa cheti.

Safari hii nilifuata njia ya mama. Niliuliza aliyefundwa na huyo mama wa Upanga yuko wapi, nikaambiwa yupo mmoja Bunju, nesi mstaafu, anafundisha kwenye kibaraza cha nyumba yake. Nikaenda. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, nikamwambia nimekuja kutazama tu. Hakuniuliza ninatazama nini. Akanipa mkeka, akanipa chai ya tangawizi.

Walikuwepo wanafunzi saba, wengi watu wazima, mmoja mzee aliyewahi kupooza upande. Mimi nilingoja yoga ianze, kumbe ilikuwa imeshaanza. Nesi yule alikuwa hafanyi kitu, anazunguka anatazama. Anaweka mkono hapa, anauondoa. Anasogeza mto. Nilikuwa nawashwa, nataka kumwambia, mvute basi huyo, mguu wake umepinda! Kisha mama mmoja akalalamika kwamba shingo inamuuma akigeukia kushoto, akauliza ni kwa nini. Nesi akamtazama, akamgusa, akasema, "Sijui. Leo tusiigeuze. Nitamuuliza mwalimu wangu Jumamosi." Basi. Mama yule akasema haya, akaendelea.

Miaka yote ile hotelini mimi sijawahi kumwambia mtu sijui. Nilikunywa chai yangu ikiwa imepoa, nikajua nimeshampata wa kunifunda.

Fomu ikaja. Jina, umri, maradhi, kazi, umejifunza wapi. Ukurasa wa pili kulikuwa na swali lililokaa peke yake: Je, umewahi kumuumiza mtu kwa mazoezi? Eleza. Nikalitazama. Nikaondoka nikaenda kuosha vyombo, nikarudi nikalitazama tena. Nilijiambia kwamba yule mama hanijui. Akisoma kwamba nimemchana mtu mshipa atanikataa, nami nitarudi kwenye video, na akina mama wa Mlingotini watabaki wameinama. Nikaandika "Hapana," kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nilipomwambia mama kwamba Jumanne napeleka fomu Upanga, akasema tunakwenda wote.

"Mama, ni fomu tu."

"Unakwenda kuombewa kungwi. Nani anajiombea mwenyewe? Na mkono mtupu haulambwi."

Alfajiri ya Jumanne nikakuta sinia limepangwa: mkate wa kumimina, visheti, doti ya kanga, chupa ya marashi, juu limefunikwa kawa jekundu. Nikabishana, wapi. Nikalipakata sinia lile kutoka Bagamoyo hadi Upanga, magoti yamekufa ganzi. Mlinzi wa lile jengo alipotuona akasema, "Karibuni, anayeolewa ni nani?" Mama akamjibu, "Huyu, na amechelewa." Nilitamani kumtupia sinia mmoja wao.

Mwalimu alitupokea miguu mitupu. Alikuwa mama mwenye umbo dogo, nywele nyeupe amezisuka msuko mmoja, suruali pana na kanzu fupi. Mzaliwa wa Dar, Kiswahili chake cha kwetu tu. Nilidhani atashangaa kuona sinia. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifunua, akanusa visheti, akasema, "Mama yangu naye alikuwa hafiki kwa mtu bila kitu." Akamkalisha mama kwenye kiti cha pekee kilichokuwepo, sisi tukakaa chini.

Mama akaanza kumhoji, na mimi nikaanza kuangalia dari.

"Humu kuna kuabudu?"

"Kuna kupumua," mwalimu akasema. "Wengine wanapenda kuimba kidogo mwanzoni. Asiyetaka anakaa kimya, au anasema lake moyoni. Adhuhuri ikifika, pazia lile pale, na mkeka safi upo."

"Nguo?"

"Alizokuja nazo hizi zinatosha. Suruali ndani ya dera, basi."

"Na wewe ulifundwa na nani?"

Hapo mwalimu akatabasamu. Akasema alifundwa na mama mkwe wake, na kwamba miaka minne hakuruhusiwa kumgusa mtu, kazi yake ilikuwa kutazama na kufagia. Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. Nilijua amemaliza, ameridhika. Wazee hawa wawili walikuwa wanaelewana kuliko mimi ninavyoelewana na yeyote kati yao.

Mwalimu akachukua fomu, akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. "Hapa umeandika hujawahi kumuumiza mtu."

"Ndiyo, mwalimu."

Mama akageuka na kiti chake. "Ala! Na bega la mdogo wangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na tulikuwa ghorofani. Mama, kungwi mzima, mtu aliyebeba siri za nusu ya Bagamoyo bila kudondosha hata moja! Siri ya mwanawe ndiyo aliyoimwaga sakafuni mbele ya mtu tuliyemjua kwa nusu saa.

"Mwanangu ni mzuri," mama akamwambia mwalimu, wala hakunitazama. "Mikono yake mizuri, moyo wake mzuri, ila ana pupa, na alimuumiza mama yake mdogo. Mimi nikiletewa binti kumfunda, nawauliza wazazi yote kabla hajaingia ndani. Anaugua nini, anaogopa nini, alifanya nini. Wakinificha, nitamfundaje? Mficha uchi hazai."

Mwalimu akasoma tena jibu langu. Kisha akanirudishia fomu, na kalamu juu yake. "Wengi wanaandika hapana," akasema. "Kata. Andika tena."

Nikakata, nikaandika. Niliandika uani, video, maneno niliyomwambia, na namna bega lilivyolia. Safari hii mwandiko ulikuwa wa kuku. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyenihimiza. Mama akala kisheti. Mwalimu akasoma mpaka mwisho, akauliza, "Bega lipi?"

"La kulia."

"Jumamosi ya kwanza uje naye. Asipokubali kuja, na wewe usije."

Njiani kurudi nilikuwa nimevimba. Tulipopita Bunju ndipo nikafungua mdomo. "Mama, umeniaibisha."

"Nimekuombea kungwi," akasema. "Ulitaka nikuombee kwa uongo?" Kisha akalala, akakoroma hadi Bagamoyo.

Kesho yake nikaenda Mlingotini. Nilimkuta mama mdogo anaanua mwani kwa mkono wa kushoto, wa kulia umetulia tumboni. Nikamsaidia kuanua mpaka ukaisha ndipo nikasema. Nikamwambia kuna mwalimu anamtaka, na kwamba asipokwenda mimi sipokelewi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri ya kumuomba radhi na yote yakanikimbia.

"Kuna ngazi?" akauliza.

"Zipo, mama mdogo. Ghorofa ya kwanza tu."

Akafikiri. "Nitakwenda. Ila dada yangu na sinia lake wabaki nyumbani."

Jumamosi ile tulikuwa wanafunzi wanane. Mwalimu akamlaza mama mdogo kwenye mkeka katikati ya ukumbi, mto chini ya kichwa, mto chini ya mkono. Akaniita nikae ubavuni kwake. Nikadhani atanionyesha pa kushika.

"Muulize," akasema.

"Nimuulize nini, mwalimu?"

"Bega ni lake."

Hapo nikagundua jambo ambalo hadi leo linanitia haya kulisema. Tangu siku ile uani, miezi minne, nilikuwa nimempelekea mama mdogo matunda, dawa za kuchua, nimemfulia nguo, nimemlilia. Kumuuliza sikuwahi. Niliogopa jibu.

"Mama mdogo, linakuuma vipi?"

Akaniambia, macho yake yakiwa juu darini. Akasema mchana halimsumbui sana. Usiku akilalia upande ule ndipo linamuamsha. Akasema kufunga kwa mkono wa kushoto kunamchelewesha, wenzake wanamalizia kamba zake wakijifanya hawamalizii. Halafu akasema, "Na nimechoka kudanganya."

"Kumdanganya nani?"

"Wenzangu. Niliwaambia niliteleza kwenye mwamba, majini."

Sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini.

"We mtoto," akasema, "ningewaambia ni wewe, nani angekubali kunyooka na wewe tena?"

Nililia. Sikujificha, nililia mbele ya watu saba nisiowajua, kamasi na yote. Mama mdogo akasema, "Haya, haya," akanipigapiga goti kwa mkono wake mzima. Mwalimu alingoja, kisha akasema, "Endelea kumuuliza." Nikaendelea. Baadaye akanionyesha jinsi ya kuushika ule mkono, kiganja chini ya kiwiko, kuubeba uzito wake tu bila kuvuta, na kukaa hivyo. Tulikaa hivyo muda ambao kwa kawaida mimi ningekuwa nimepika na kupakua. Mkono ukapanda shubiri moja wenyewe. Mama mdogo akasema, "Ehe," basi.

Jumamosi zile zikawa sehemu tamu ya wiki yangu. Naondoka alfajiri, nafika Upanga barabara bado tulivu, nafagia ukumbi kwa sababu mwalimu anasema kufagia ni somo, na siku hizi simbishii. Nimejifunza majina ya mifupa. Nimejifunza kukaa kimya, jambo ambalo mama amewatangazia majirani wote kana kwamba nimepata shahada. Mama mdogo alikuja nami mara nne zaidi, mara ya mwisho alipanda ngazi akiwa amebeba mkoba kwa mkono wa kulia. Alifanya makusudi niuone. Meneja ameacha kucheka. Wageni wangu wenyewe wanasema mikono yangu imetulia.

Mwezi wa nne wa mafunzo mwalimu akaniambia naweza kurudi kwa watu wangu, wachache, na kwamba nisimvute mtu. Nilitamani kupaa. Lakini njiani kurudi nikawaza, nitarudi bandani na kusimama juu ya ule mwamba wa uongo wa mama mdogo? Nilipomwambia mama mdogo kwamba nitawaambia wenzake ukweli, akakataa katakata. "Yamepita. Nyamaza, uwafundishe." Nikamwambia siwezi. Tulizozana hadi mlangoni pa banda, yeye ananivuta kanga.

Walikuwepo kumi na mmoja, mikeka imeshatandikwa. Walinipokea kwa vigelegele, na vigelegele vile vilinichoma. Nikasalimia shikamoo mmoja mmoja, nikasimama, nikasema, "Mama zangu, kabla hatujaanza. Mama mdogo hakuteleza. Mimi ndiye niliyemuumiza bega. Nilimvuta kwa pupa, na nilikuwa sijui ninalolifanya. Asiyetaka nimguse ana haki, sitakasirika."

Mama mdogo alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mwisho bibi mmoja, mkubwa wao, aliyekuwa wa kwanza kulima mwani pale, akajikohoza.

"Mwamba gani, mwanangu?" akasema. "Kule kwetu ni mchanga mtupu. Nimelima miaka yote hii, sijaona hata jiwe la kuinjikia chungu."

Wakaangua kicheko, wote, mpaka mama mdogo chini ya kanga yake mabega yote mawili yakawa yanaruka.

"Mlijua?" nikauliza. "Sasa mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Yeye alikuwa anakusitiri wewe, na sisi tukamsitiri yeye. Aliyebaki kusema ni wewe."

Kisha akakaa kwenye mkeka wa mbele, akanyoosha miguu, akaniambia kwamba goti bovu ni la kushoto.